Damu Hutolewa Kabla ya Ajali

Ni mwezi Juni, na upepo wa Dodoma wa mwezi huu mnaujua: unaingia dirishani, unabeba joto lote la chumba na kukuachia vumbi juu ya meza. Studio nimekuja na koti. Nimekuja pia na habari ya kijana mmoja wa kijiwe chetu cha bodaboda kule Chang'ombe. Chang'ombe yetu hii ya Dodoma, jamani, si ile ya Temeke. Kila nikiitaja redioni hakosi mtu wa kupiga simu kuuliza ni ipi.

Jina lake silitaji. Amenikubalia nisimulie kwa sharti hilo, na mimi ni mtu mzima, nashika sharti.

Ilikuwa Desemba, jioni, magharibi inaingia. Kijana anatoka kumshusha abiria upande wa barabara ya Singida, gari dogo likakata mbele yake bila taa ya kuashiria. Pikipiki ikaenda huku, yeye huku. Watu wakajaa kama kawaida yetu, wa kusaidia wachache, wa simu za kupiga picha wengi. Mmoja akasema kwa sauti, akiwa na uhakika kabisa: "Ana bahati huyu, hata damu haijamwagika."

Hapo nataka tusimame kidogo. Paja lake la kulia lilikuwa limevunjika, na kweli chini hapakuwa na damu, ila mkwaruzo wa kiwiko. Lakini mfupa wa paja ndio mkubwa kuliko yote mwilini, na ukivunjika unaweza kuvujisha lita moja, hata lita moja na nusu, ndani kwa ndani, kwenye nyama za paja lenyewe. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Piga hesabu. Huyo anayeambiwa ana bahati huenda robo ya damu yake imeshahama kutoka kwenye mishipa, imejificha ndani ya suruali. Nyonga ikivunjika hali ni mbaya zaidi. Bandama likipasuka, tumbo linameza damu na wala hutaona tone.

Ukitazama kwa makini, dalili zipo. Suruali inabana upande mmoja. Uso unakuwa kama umepakwa majivu, jasho linatoka na huku ngozi ni baridi, mapigo ya moyo yanakimbia. Na majeruhi anaomba maji. Yule kijana alikuwa akirudia neno hilo moja tu, maji, maji, mpaka mama muuza mihogo akaacha karai lake akamletea chupa. Akatokea mtu aliyesomea huduma ya kwanza, akamwomba mama asimpe, kwa sababu huyu anakwenda kupasuliwa na tumbo linatakiwa liwe tupu. Mama akanuna. Namwelewa. Nani katufundisha kumnyima maji mwenye kiu? Lakini kiu ile haikuwa ya koo. Ni mwili unadai kilichopungua kwenye mishipa.

Mwili wa binadamu una akili ya mama mwenye unga kidogo na watoto wengi. Damu ikipungua, unafunga mishipa ya ngozi, ndiyo maana mikono inakuwa baridi. Unaibania figo, ndiyo maana wauguzi wanachungulia mfuko wa mkojo kila mara. Kilichobaki unakipeleka kwenye moyo na ubongo. Kwa mbinu hiyo kijana mwenye nguvu anaweza kukuzungumzisha, akakutajia jina la baba yake na namba ya simu ya mkewe, wakati damu yake inakaribia kupungua kwa theluthi. Kisha ghafla anazima. Shinikizo la damu huwa linachelewa kushuka, na likishuka linashuka kwa kishindo. Wauguzi wa dharura wanalijua hilo. Anayewatisha zaidi ni majeruhi mtulivu, kuliko yule anayepiga kelele wodi nzima ikamsikia.

Akafikishwa hospitali. Ni ipi, hilo nalo silitaji. Wakamfungia banzi, wakatundika dripu ya maji ya chumvi, salini, wakachukua damu kidogo kwenda maabara kupima grupu. Ndugu zake, waliokuwa wameanza kufika, walipoona dripu wakapumua: ameshawekewa maji, basi.

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, na walikuwa wakisema habari za undugu. Mimi nataka leo tuuchukue msemo huo kama ulivyo, kwenye mizani. Salini inajaza mshipa, inampa daktari muda. Haibebi hewa. Kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda kwenye ubongo ni chembe nyekundu, na chembe nyekundu haziko kwenye dripu. Ni sawa na uji kidogo uliouongezea maji: sufuria inajaa, watoto hawashibi. Tena damu iliyochujuka inachelewa kuganda, na mwili uliopoa nao damu yake haigandi vizuri. Majeruhi akipata maji mengi na baridi nyingi kwa pamoja, anavuja zaidi. Kwa hiyo ukimkuta mtu barabarani Juni hii, mtupie kanga au koti lako wakati mnasubiri gari. Si kumstahi tu. Unasaidia damu yake igande.

Ipo dawa inayosaidia damu isivuje, inaitwa asidi ya traneksamiki, na si ya bei kubwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, yakaonyesha kwamba inaokoa maisha, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtu aumie. Ni dawa nzuri. Lakini kazi yake ni kuziba. Iliyokwisha kumwagika hairudishi.

Turudi kwa kijana. Grupu lake ni O, kama wengi wetu Afrika Mashariki. Madaktari walitaka chupa nne kabla ya kumwingiza thieta. Kwenye friji za O zilikuwemo mbili.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana ndicho kilichonitoa nyumbani na koti langu. Habari ikafika kijiweni. Pikipiki kumi na moja zikaondoka Chang'ombe kwa msururu, taa zinawaka, kama harusi. Vijana wakajaa kwenye benchi la maabara, mikono wamekunja tayari: nitoe mimi, nitoe mimi. Kwa kweli ukiona vile unasema nchi hii ina watu. Lakini mtaalamu wa maabara akaanza kuwachuja mmoja mmoja. Huyu kilo hazitimii 50. Huyu kanywa tangu mchana. Huyu bado anameza dawa za malaria. Huyu umri wake alipoulizwa vizuri ukarudi 17. Wakabaki wanne. Wakatolewa. Na baada ya kutolewa, ile damu haikimbizwi wodini ikiwa bado ya moto kama chapati. Lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Kisha ipatanishwe na ya mgonjwa, tone kwa tone, kuona kama zinaelewana. Hizo ni saa zinakwenda, na paja halisubiri.

Zilizomvusha usiku ule ni zile mbili zilizokutwa kwenye friji. Nani alizitoa? Hajulikani. Mfuko una namba tu. Pengine mwanafunzi wa kidato cha sita, pengine askari, pengine mtumishi wa ofisi aliyepita akaona hema la kutolea damu akaingia. Mtu huyo alitoa damu kwa ajili ya ajali ambayo ilikuwa haijatokea. Wale wanne wa kijiweni, Mungu awabariki, damu yao ilikuja kufaa kesho yake, na moja nasikia ilimsaidia mama aliyejifungua.

Nimekaa Dodoma muda mrefu vya kutosha kuikumbuka Juni ya mwaka 2002. Tarehe 24, treni ya abiria ilipanda kilima pale Msagali ikashindwa, ikaanza kurudi nyuma, ikaongeza kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo upande wa Igandu. Ndani walikuwa abiria zaidi ya 1,200. Walikufa watu 281, majeruhi mamia, na mji huu haukuwa huu mnaouona leo. Hospitali ya Benjamin Mkapa haikuwepo. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulikuja baadaye, mwaka 2004. Enzi zile hospitali zetu zilitegemea damu ya ndugu: mgonjwa wako anahitaji, tafuta watu, leta. Sasa abiria wa treni ya bara ndugu zake wako wapi? Mmoja wa Kigoma, mwingine wa Mwanza, mwingine wa Tabora, wote wamelala Dodoma ambako hawamjui mtu. Msemo wa damu nzito kuliko maji hapo unakwama, kwa sababu damu ya ukoo iko umbali wa siku mbili.

Wenzetu wa Nairobi walionja hayo tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Walikufa watu 213 kule, na 11 Dar es Salaam siku hiyohiyo, na majeruhi wa Nairobi walikuwa maelfu. Watu walipanga foleni kutoa damu. Moyo ulikuwepo, kilichokosekana ni maandalizi ya kuipokea, kuipima na kuihifadhi damu nyingi kiasi kile kwa mara moja. Msiba ule ni moja ya sababu zilizoisukuma Kenya kuanzisha huduma ya damu ya kitaifa miaka michache baadaye. Inasikitisha kwamba sisi wa ukanda huu tunahitaji kwanza tulie ndipo tununue friji, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa wapo mnaosema, mzee, unaongea tu, wewe umetoa? Nimetoa. Wiki iliyopita hema la Damu Salama lilisimama karibu na soko, nikaenda. Niwasimulie, maana wengi tunaogopa kitu ambacho hatujakiona.

Unaanza na karatasi ya maswali. Mengine ni ya chumbani, na unayajibu pembeni na mtu mmoja, sauti ya chini. Usidanganye pale, kama una wasiwasi na nafsi yako, ondoka tu, hakuna atakayekufuata. Unapimwa uzito na shinikizo la damu. Kisha sista akanidunga kidole, akavuta tone, akalidondosha kwenye kichupa chenye kimiminika cha bluu. Tukaliangalia wote wawili. Tone likasita juu kidogo, likajikusanya duara kama punje ya mtama, halafu likazama mpaka chini.

"Haya baba, una damu," akasema.

Nikamwuliza angejuaje kama sina. Akaniambia lingeelea. Damu iliyopungukiwa chembe nyekundu ni nyepesi, haizami kwenye dawa ile. Kumbe wahenga! Damu nzito kuliko maji inapimwa kwa macho, sokoni, saa nne asubuhi.

Sindano ni nene, siwadanganyi, na inauma kama siafu mmoja aliyekasirika. Baada ya hapo hakuna maumivu. Unafumba na kufumbua ngumi, na mfuko uko chini yako kwenye kijimizani kinachoutikisa taratibu ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Mililita 450, kama dakika kumi. Niliona mfuko wangu ulivyokuwa wa vuguvugu waliponipa niushike. Nilishangaa. Miaka yote damu yangu nimeiona ikitoka kwa wembe au kwa mwiba. Sijawahi kuibeba mkononi kama mkate.

Soda moja, biskuti, ukae kidogo ukiwa unatazama wapita njia. Maji ya damu mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu zinahitaji wiki kadhaa, ndiyo maana mwanamume anasubiri miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke minne. Na kuzirudisha huhitaji vya dukani vyenye picha ya simba. Maharage, dagaa, mchicha, mlenda wetu wenye karanga, nyama kama ipo. Umri ni kuanzia 18 hadi 65. Mimi nimebakiza miaka michache, kwa hiyo msinicheleweshe, niacheni nitoe.

Chupa ile moja inaweza kutenganishwa sehemu tatu. Chembe nyekundu zinakwenda kwa aliyepungukiwa damu. Utegili, yale maji ya manjano, unagandishwa kwenye baridi kali na unaweza kukaa mwaka mzima. Ndio wenye viambata vya kugandisha damu. Na chembe sahani, zile zinazoziba tundu la mshipa, zenyewe hazipendi hata friji, zinakaa kwenye joto la kawaida zikitikiswa, na siku tano tu zimekwisha.

Hapo msemo mwingine unavunjika. Akiba haiozi, tunawaambia watoto. Hii inaoza. Damu kwenye mfuko wa kawaida, hata ikitunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6, ni siku 35, basi, inamwagwa. Kwa hiyo ile kampeni ya siku moja kwa mwaka, fulana mpya, mgeni rasmi, picha ya kiongozi kakunja shati, ni nzuri, lakini haivuki mwezi wa pili. Damu inayotafutwa ni ya kila wiki.

Na kalenda yetu ina kichekesho kibaya. Watoaji wakubwa wa damu katika nchi hii ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Tarehe 14 Juni dunia inaadhimisha siku ya wachangia damu, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, yule daktari wa Vienna aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901. Kabla yake kumwekea mtu damu ya mwenzake kulikuwa kama bahati nasibu. Siku yenyewe hiyo kwetu inaangukia shule zikiwa zimefungwa. Desemba vilevile. Na Desemba ndiyo mabasi yamejaa, watu wanakwenda kwao, madereva wamekesha, bodaboda wanakimbiza hela ya sikukuu. Watoaji wako likizo, majeruhi wanaongezeka. Kijana wetu aliumia mwezi gani? Ndiyo huo. Friji kuwa na chupa mbili si ajabu, ajabu ni kwamba zilikuwemo.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia kipimo chepesi: nchi ikusanye kwa mwaka chupa sawa na asilimia moja ya watu wake, ndipo mahitaji ya msingi yafikiwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Asilimia moja ni karibu chupa 31,000. Mwanamume mmoja anaweza kutoa mara nne kwa mwaka, mwanamke mara tatu. Ukilitazama hivyo, watu elfu kumi waliozoea wangetosha mkoa mzima, na watu elfu kumi Dodoma ni wachache, hawajazi hata uwanja wa Jamhuri siku ya mechi ya maana.

Kinachozuia ni nini? Woga wa sindano upo, lakini kikubwa ni maneno ya "wanaiuza." Nitasema ukweli. Damu haiuzwi, ndivyo nchi ilivyoweka. Lakini mwaka fulani, katika hospitali moja, tena si ya mkoa huu, nilikuwa namuuguza shangazi, na mtu mmoja aliyevaa koti jeupe alinivuta kwenye korido akaniambia damu "inaweza kupatikana" kama nina elfu hamsini. Nilikuwa nazo? Nilikopa. Sijui mpaka leo alikuwa nani hata katika hospitali ile. Mtu mmoja wa namna hiyo anabomoa kazi ya mahema mia moja, na wakubwa wanaohusika wasidhani tunasahau. Ila nikisusa kutoa kwa ajili yake, nitakuwa nimemkomoa nani? Yeye hajalala wodini.

Watu hudhani kazi ya damu inaisha usiku ule wa kwanza. Kijana alipovuka, siku ya sita alirudishwa thieta kuwekewa chuma ndani ya paja. Kuna damu inapotea hapo pia, na daktari hathubutu kufungua kama haoni akiba ya kumrudishia. Kidonda nacho kinapona kwa hewa inayoletwa na damu. Mgonjwa aliyepauka anakaa kitandani, anashindwa mazoezi, mguu unanywea. Kwa upande mwingine madaktari wa sasa wanaibania damu kwa makusudi, na wako sahihi. Mama yake alikuwa kila siku anauliza, daktari, hamumwongezi chupa nyingine apate nguvu? Akajibiwa kwa adabu: mama, damu si supu. Vidonge vya madini ya chuma na chakula vikamaliza kazi iliyobaki.

Sasa anatembea. Anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi, kama hizi za leo. Wiki ile ya hema alikuja, akawahi foleni kunizidi, mkono umekunjwa. Sista akasoma karatasi yake, akamwuliza kama amewahi kuongezewa damu. Akasema ndiyo, Desemba, chupa nne. Akaambiwa asubiri mwaka utimie tangu siku ile.

"Sista, lakini nadaiwa."

"Najua, mwanangu. Rudi Januari."

Hakuondoka. Nilipotoka kwenye kiti nikiwa na soda yangu nilimkuta amekaa kwenye jiwe nje ya hema, upepo unampiga, amepakata helmeti sita za wenzake waliokuwa ndani, anazifuta vumbi moja moja kwa mkono wa sweta.